Picha Ileile Kila Jumamosi: Uhakiki wa Filamu za Kusimuliwa

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili hapa Ndera, pembezoni mwa jiji la Kigali, huulizwa mara kwa mara na wazazi wa wanafunzi wake swali ambalo halimo katika muhtasari wowote wa masomo: je, picha zile za zamani zaweza kupatikana wapi? Hawaulizi habari za filamu kwa jumla, kwani leo kila kijana anazo tele ndani ya simu yake. Wanaziulizia zile chache walizozitazama ujanani katika kibanda cha video, zikirudiwa Jumamosi baada ya Jumamosi, hata wakajua kila pigo litakalopigwa na kila mlango utakaofunguka. Nao wakiulizwa sababu ya kuzitamani, hujibu kwamba picha za siku hizo zilikuwa nzuri kuliko za leo.

Makala haya yanakusudia kulipima jibu hilo. Dai langu ni kwamba picha zile, zikitazamwa kwa jicho la uhakiki, nyingi zilikuwa duni. Kilichokuwa na thamani ni kule kurudiwa na kusimuliwa kwake, pamoja na kazi iliyofanywa na hadhira kutokana na marudio hayo. Na kwa kuwa kazi hiyo ni fasihi simulizi hasa, sisi walimu wa Kiswahili ndio tuliopaswa kuitambua kabla ya watu wengine. Hatukuitambua. Mimi mwenyewe nilifanya kosa katika jambo hili, nami nitalieleza mahali pake.

Marudio katika nchi nyingine

Yafaa kwanza tuiondoe dhana kwamba kurudiwa kwa picha kulikuwa ni alama ya ufukara wetu peke yetu. Nchini Marekani, kituo cha kulipia kiitwacho HBO kilianza kurusha matangazo mwaka 1972 katika mji wa Wilkes-Barre, jimbo la Pennsylvania, na mwaka 1981 kikaanza kurusha matangazo saa 24 kwa siku. Saa zilikuwa nyingi na filamu zilikuwa chache. Basi filamu moja ilionyeshwa asubuhi, ikarudishwa usiku, ikarudishwa tena juma lililofuata. Mfano unaotajwa sana ni The Beastmaster, filamu ya mwaka 1982. Ilirudiwa mno hata watazamaji wakatania kwamba herufi tatu za jina la kituo kile hazina maana nyingine ila kutangaza kwamba Beastmaster inaonyeshwa tena. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima, nao huikumbuka filamu hiyo kwa mapenzi ambayo ubora wake hautoshi kuyaeleza. Ufaransa ilipata kituo chake cha kulipia, Canal+, mwaka 1984, na Afrika Kusini ikapata M-Net mwaka 1986.

Kwetu Afrika Mashariki marudio yalitangulia televisheni. Awara, picha ya Kihindi ya mwaka 1951 iliyoongozwa na Raj Kapoor, ilipendwa mno katika majumba ya sinema ya Unguja na ya miji ya pwani, na watu waliirudia ingawa walikwisha kujua mwisho wake. Kisha ukaja mkanda wa video. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, na televisheni ya taifa ya Rwanda ilianza mwaka 1992. Kwa hiyo, kwa watu wengi, skrini ya kwanza waliyoizoea ilikuwa ile ya kibanda: televisheni moja, deki moja, jenereta nyuma ya ukuta, mabenchi ya mbao, na kanda chache ambazo mwenye kibanda aliweza kuzinunua. Mwenye kanda kumi hakuwa na namna ila kuzizungusha. Watu wa pwani wamezoea kusema kwamba asiye na hili ana lile, na lile walilokuwa nalo watu wa vibanda ni fanani.

Fanani wa filamu

Filamu hizi zilikuja kwa Kiingereza, kwa Kichina, au kwa Kihindi, na aghalabu hadhira haikuzijua lugha hizo. Hapo ndipo alipozaliwa msimulizi. Nchini Uganda wasimulizi walijitokeza wakitumia Kiganda. Nchini Tanzania jina linalotajwa kwanza ni la Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye miongoni mwa filamu alizozisimulia kwa Kiswahili ni Titanic ya mwaka 1997. Kenya inaye DJ Afro. Hapa Rwanda filamu za namna hii huitwa agasobanuye, neno lililotokana na kitenzi cha Kinyarwanda gusobanura, yaani kueleza au kufafanua. Na fanani wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Nkusi Thomas, maarufu kwa jina la Yanga, aliyefariki mwaka 2022.

Ni kosa kumwita fanani huyu mfasiri, tukaishia hapo. Mfasiri hufungwa na maneno ya matini yake. Fanani wa filamu hakufungwa na maneno, kwani mara nyingi hakuyafahamu yote. Alifungwa na picha. Mdomo wa mwigizaji ukifunguka yampasa aseme neno, na mwigizaji akianguka yampasa aeleze kwa nini ameanguka. Katikati ya hayo alikuwa huru kuonya, kucheka, kusifu, kuuliza na kumjibu mtu wa benchi la nyuma. Uhuru wa namna hiyo, ndani ya mipaka ya kisa ambacho watu wote wanakijua, ndio uhuru wa mtambaji wa ngano.

Fanani wetu hapa Ndera alikuwa kijana ambaye wazazi wake walirejea kutoka Tanzania baada ya mwaka 1994, kama walivyorejea Wanyarwanda wengi kutoka nchi jirani. Kinyarwanda chake kilikuwa cha nyumbani na Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya msingi ya Tanzania, nacho kilikuwa safi. Kwa kuwa wengi wa wateja walikuwa na historia kama yake, alisimulia kwa Kiswahili Jumamosi na kwa Kinyarwanda Jumapili, kwa picha ileile. Kwa faranga chache mtu aliweza kukisikia kisa kimoja katika lugha mbili, jambo ambalo hakuna shule iliyokuwa ikilifanya wakati huo.

Fani: mfano wa Commando

Nitatumia picha moja, kwani ndiyo niliyoitazama mara nyingi kuliko zote. Commando ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Mark L. Lester, na mwigizaji wake mkuu ni Arnold Schwarzenegger. Kisa chake ni chepesi. John Matrix, kanali mstaafu, anaishi milimani pamoja na binti yake Jenny, akipasua kuni. Binti anatekwa na watu wa Arius, dikteta aliyepinduliwa, ili baba alazimike kwenda kumwua rais wa nchi ya kubuniwa iitwayo Val Verde. Miongoni mwa watekaji yumo Bennett, aliyekuwa askari wa Matrix zamani. Matrix anapandishwa ndege. Anamwua mlinzi wake, anajitupa kutoka kwenye magurudumu wakati ndege inaruka, anaangukia kwenye kinamasi. Tangu hapo ana saa 11 tu, kabla ndege haijatua na hila yake kujulikana. Anasaidiwa na mwanamke aitwaye Cindy, anavuka maji hadi kisiwa alikofichwa mtoto, anapigana, anarudi na binti yake.

Ikitazamwa kama kazi ya sinema, haina mengi ya kusifiwa. Mazungumzo yake ni makavu, na katika mapigano risasi za maadui mia hazimpati mtu mmoja aliyesimama wazi. Lakini tukiitazama kama mifupa ya ngano, tutaona kwamba haikukosa kiungo hata kimoja. Yuko mpasua kuni na mwanawe. Liko zimwi linaloiba mtoto. Liko sharti la muda, yuko msaidizi anayekutwa njiani, iko safari ya kuvuka maji, liko pambano, kuna kurudi. Mtaalamu wa Kirusi Vladimir Propp alizichambua ngano za kwao katika kitabu chake cha mwaka 1928, akaonyesha kuwa zimejengwa kwa matendo machache yanayofuatana kwa utaratibu maalumu. Mengi ya matendo hayo yamo katika Commando. Basi fanani wetu hakupewa jengo la kigeni la kulitafsiri. Alipewa jengo alilolizoea tangu mekoni kwa bibi yake, likiwa limevishwa nguo za kigeni.

Katika usimulizi wake mbinu nne zilijitokeza.

Ya kwanza ni utoaji wa majina na vyeo. Katika Kiswahili cha vibanda, shujaa wa picha huitwa stelingi, neno ambalo wengi wetu huliona kuwa limetokana na yale maandishi ya mwanzoni yanayowataja waigizaji wakuu. Kanuni ya kwanza ya hadhira ilikuwa kwamba stelingi hafi. Kanuni hii haikuiharibu taharuki, bali iliihamisha. Hadhira haikuuliza kama atapona. Iliuliza atapona vipi, na fanani atalieleza vipi leo. Mtoto wa Kinyarwanda anayesimuliwa visa vya Bakame, yule sungura mjanja, anajua tangu mwanzo kuwa Bakame atashinda, na kwa sababu hiyohiyo husema, "Rudia tena."

Ya pili ni wito na kiitikio. Kabla ya kila tukio kubwa fanani alinyamaza, akaiachia hadhira. Matrix alipomning'iniza Sully juu ya genge, fanani aliuliza, "Alimwahidi nini huyu?" na kibanda kizima kikajibu kwamba alimwahidi kumwua mwisho. "Na leo atatimiza?" Wakajibu, "Hatimizi!" Hapo ndipo mkono ulipoachia. Watu walicheka kana kwamba wamelisikia kwa mara ya kwanza, kumbe walikuwa ndio watendaji wa mzaha wenyewe.

Ya tatu ni kuziba mianya. Mkanda wetu ulikuwa umekwaruzika mahali pale Matrix anaposhuka kwenye magurudumu ya ndege. Picha ilipotea, ikabaki mistari meupe na mingurumo. Fanani alipajaza mahali hapo kwa maneno yake. Alieleza baridi ya upepo, alieleza jinsi Matrix alivyolitaja jina la bintiye mara tatu kabla ya kuachia. Ndege za Kanombe zilipopita juu yetu alizitumia nazo, akituambia tutazame juu kama miguu yake inaonekana. Baada ya miaka kadhaa mwenye kibanda alipata nakala mpya katika diski, safi, isiyo na mkwaruzo. Tuliona kwa mara ya kwanza kilichokuwa mahali pale: ni mtu anayening'inia, kisha anaanguka. Hadhira haikuridhika. Mzee mmoja wa benchi la mbele alisema kwa sauti, "Jamani, mbona hakumwita mtoto?" Katika maneno ya mzee huyo limo jibu la swali la wazazi wanaozitafuta picha za zamani. Wakizipata hawatakipata wanachokitafuta, maana hakikuwamo ndani yake.

Ya nne ni kejeli, nayo nitaieleza katika sehemu inayofuata, kwa kuwa haiwezi kutenganishwa na maudhui.

Maudhui: tusisifu bila kupima

Mhakiki anayekumbuka kwa mapenzi yu katika hatari ya kusamehe yasiyosameheka. Ni lazima tuseme wazi kwamba picha hizi zilibeba kasumba nyingi. Shujaa mmoja mwenye misuli ana haki zote. Nchi ya maadui ni ya kubuniwa, lakini sura na lafudhi zao zimechukuliwa kutoka Amerika ya Kusini, nao huanguka kwa makumi bila majina. Mwanamke ni wa kutekwa au wa kusaidia. Fanani naye hakuwa mtakatifu: kuna Jumamosi alizomtania Cindy kwa maneno ambayo yaliwafanya kina mama wawili waondoke na wasirudi tena.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa ni mauaji yenyewe. Tulikuwa katika nchi iliyopitia Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Katika nyumba zilizokizunguka kibanda waliishi watu waliowapoteza wote waliokuwa nao. Hawakuhitaji kusikia milio ya bunduki kupitia ukuta wa mabati kila Jumamosi jioni, nao walimwendea mwenye kibanda wakamwambia hivyo kwa upole. Tangu siku hiyo, sehemu ya mwisho ya Commando, pale kisiwani, ilionyeshwa sauti ya televisheni ikiwa imezimwa kabisa. Miili ilianguka kimya kimya, na kilichosikika ni sauti ya fanani peke yake, tena ya chini.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Sauti ilipozimwa, furaha ya risasi ilitoweka, na fanani akajikuta anawatazama watu wanaokufa bila muziki wa kuwasindikiza. Hapo ndipo ilipoanza kejeli yake. Askari mmoja alipotokea mlangoni alisema, "Huyu ndiyo kwanza ameajiriwa jana." Askari akaanguka. Wa pili alipotokea juu ya ukuta alisema, "Huyu alimwahidi mkewe kurudi mapema." Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa cha namna nyingine, na kilipungua kadiri majuma yalivyopita. Mtengenezaji wa filamu hakuwapa watu wale mwajiri wala mke. Fanani wa Ndera aliwapa. Sisemi kwamba alikusudia kufundisha maadili, wala sisemi kwamba sentensi mbili za mzaha zilitosha kuondoa sumu ya picha ile. Nasema tu kwamba fani yake, katika mazingira yale, ilizaa maudhui ambayo hayakuwamo katika filamu, na kwamba uhakiki unaoitazama filamu peke yake hauwezi kuyaona.

Kosa langu

Sasa nifike kwenye kosa nililoahidi kulieleza. Mwaka 2003 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari. Niliwapa wanafunzi zoezi: andika ngano unayoijua. Mwanafunzi mmoja aliandika kurasa tatu kuhusu mpasua kuni aliyeishi mlimani na binti yake, na zimwi lililokuwa zamani rafiki wa mpasua kuni huyo. Zimwi likamwiba mtoto, likampa baba sharti la kwenda kumwua mfalme wa nchi ya mbali kabla jua halijatua. Baba akapanda juu ya tai mkubwa, akalitaja jina la mwanawe mara tatu, akaachia.

Nilikuwa nikikijua kibanda kile. Nilikuwa mteja wake. Niliitambua Commando mara moja. Nikaandika kwa wino mwekundu kwamba hii si ngano, ni sinema, nikampa sifuri kwa kosa la kunakili. Kijana alikuja na daftari lake baada ya kipindi, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, ile ngano ya sungura na fisi uliyotusomea, uliitunga wewe?" Nilimwambia arudi mahali pake. Mwaka uliofuata, wakati wa kuchagua masomo, hakukichagua Kiswahili.

Daftari lile silipati tena, lakini nazikumbuka sentensi zake kadhaa, nazo zinanishitaki. Fanani wa kibandani alisimulia akiwa na picha mbele yake, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha papo kwa papo: "Huyo anakuja! Ameshika kisu, mwone, anapita nyuma, atampata?" Hapo kuna kiambishi -na-, kuna -me-, kuna -ta-, na kuna vionyeshi vingi, maana msimulizi na msikilizaji wanaona kitu kilekile. Mwanafunzi wangu hakuandika hivyo. Yeye aliandika: "Akaja usiku, akishika kisu, akapita nyuma ya nyumba." Vionyeshi vyote vilitoweka, kwani msomaji haoni picha. Mahali pa -na- pakashikwa na -ka- ya masimulizi, na -ki- ikafanya kazi yake ya kuonyesha hali. Bila kufundishwa na mtu yeyote, alikuwa ameuhamisha utaratibu mzima wa nyakati za vitenzi kutoka usimulizi wa tukio linaloonekana hadi utambaji wa ngano. Ndege aliigeuza tai, saa 11 akazigeuza kuchwa kwa jua, na jina lililotajwa mara tatu alilichukua kutoka kwa fanani, si kutoka Marekani. Mwanafunzi anayenakili hawezi kufanya hivyo. Nilikuwa na mtambaji darasani, nami nikampa sifuri.

Nilijitetea wakati ule kwa hoja moja ambayo ningali naisikia kwa walimu wenzangu: kwamba ngano ni mali ya jadi na filamu ni bidhaa ya kibiashara. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Visa vya sungura navyo vilivuka mipaka na bahari, vikabadilishwa na kila mdomo uliovipokea. Kinachokifanya kisa kiwe cha jamii ni kupokewa, kurudiwa na kugeuzwa. Picha iliyoonyeshwa mara moja ikaondoka ni bidhaa. Picha iliyorudiwa Jumamosi mia, mbele ya watu walewale, kwa kinywa cha fanani wao, imekwisha kupokewa.

Upungufu wa wakati huu

Leo vijana wetu wanazo filamu nyingi kuliko muda wa kuzitazama. Sikitiko langu si kwamba wanatazama mambo mabaya; baadhi ya wanayoyatazama ni bora mara kumi kuliko Commando. Sikitiko ni kwamba hakuna anayetazama kile ambacho jirani yake amekitazama, na hakuna anayekirudia. Nikitaja kisa darasani, wanafunzi watatu wanakijua na arobaini hawakijui. Hadhira isiyo na kisa cha pamoja haiwezi kuitikia, na fanani asiyeitikiwa huacha kazi.

Kwa Kiswahili nchini Rwanda jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa sheria. Lakini kijana wa Ndera aweza kupita juma zima asikisikie nje ya darasa, isipokuwa awe na jamaa Biryogo au ajishughulishe na biashara za mipakani. Sheria yaweza kuipa lugha cheo. Haiwezi kuipa masikio. Kibanda kilikuwa na masikio hamsini kila Jumamosi, bila kitabu cha kiada wala mtihani.

Hitimisho na mapendekezo

Sipendekezi turudishe vibanda vya mabati, wala siwaombi wazazi waache kuzitamani picha zao. Ninayo mapendekezo mawili tu.

La kwanza ni la darasani. Muhula uliopita nilichagua kipande cha filamu cha dakika sita, nikakionyesha bila sauti, nikawataka wanafunzi wakisimulie kwa Kiswahili. Siku ya kwanza walijaribu watatu, nao walisema tu, "Mtu anatembea, mtu anafungua mlango." Nilikirudisha kipande kilekile juma la pili, wakanung'unika. Juma la tatu msichana mmoja aliyezoea kukaa kimya alisema kwamba mtu yule anafungua mlango polepole kwa sababu nyumba si yake, na darasa likacheka, likaanza kubishana naye. Juma la nne niliwataka waandike kisa hicho kwa msomaji ambaye hajakiona. Somo la -ka- na -ki-, ambalo kwa kawaida hunichukua vipindi vingi na mifano ya ubaoni, lilijileta lenyewe, kwa sababu sasa walikuwa na haja nalo. Wenzangu wajaribu, wasiogope manung'uniko ya juma la pili. Ndiyo njia ya kufika juma la tatu.

La pili ni la chama chetu. Maonyesho ya vibandani hayakurekodiwa, isipokuwa yale ya mafanani wachache waliofika kwenye kanda na diski. Mafanani wa mitaani wako hai bado, wengi wao wakiwa madereva, mafundi, au wauzaji wa vocha za simu. Kila mwalimu katika eneo lake na amtafute mmoja, amwonyeshe picha aliyoizoea, amsikilize, na ayahifadhi maneno yake. Hii ni kazi ya uhakiki kama ilivyo kazi ya kuhakiki riwaya, na wakati wake hautadumu.

Fanani wetu wa Ndera alihamia mkoani miaka mingi iliyopita, nami sijampata. Yule mwanafunzi nimempata. Ana watoto wawili, na mkubwa ataanza kidato cha kwanza mwakani. Tulipokutana niliitaja habari ya ile sifuri. Alicheka, akasema ameisahau. Kisha, kabla hatujaagana, akaniuliza kama najua mahali panapopatikana ile Commando ya zamani, ile iliyokwaruzika.